Kichupa cha Mama Keren

Cibalonza hakuruka sindano hata moja. Naanza na hilo kwa sababu mimi, Yudita, muuguzi wa miaka kumi na minne hapa zahanati ya Gatete, Rumonge, ndiye niliyemwita mwongo mbele za watu. Mdomo wangu nimetoka nao kambi ya wakimbizi Tanzania, hauna breki, na mwaka huu umenitia aibu ambayo sijui nitaivua lini.

Cibalonza ni Mkongo wa upande wa Kivu, anauza samaki mwaloni, ndagala na mukeke. Bintiye Keren, miaka minane, ana kisukari kile cha watoto, kisichosikia vidonge. Bila insulini asubuhi na jioni, hakuna mtoto. Siku alipoanza dawa nilimfundisha mama yake: leo paja la kulia, kesho la kushoto, akishachomwa ale, akitetemeka na kutoka jasho, haraka maji ya sukari. Akarudia yote bila kukosea. Kisha akauliza, "Na dawa nitaiweka wapi, mama muganga? Kwangu hakuna frigo."

Ilikuwa siku ya chanjo. Foleni imetoka hadi barabarani, tumbo langu linanguruma. Wengine huwa nawaeleza habari ya vyungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kichupa ndani, vyote kivulini. Yeye nilimjibu tu, "Tafuta penye baridi. Joto likiipata, imekufa." Nikaita mwingine.

Wiki tatu baadaye Keren amekonda, anakunywa maji bila kushiba, anakojoa kitandani. Nikamtoboa kidole, sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kutoa namba. Lo! Nikapandwa na hasira pale pale, benchi zima la akina mama likisikiliza.

"Mama Keren, unaruka sindano!"

"Hapana, muganga. Namuchoma kila asubui na kila magaribi."

"Usinidanganye! Mashine ina faida gani kusema uongo? Unamjaza mtoto chai ya sukari, halafu unakuja hapa na macho makavu!"

Mmoja kwenye benchi akaguna. Cibalonza akainamisha kichwa. "Unisamehe, muganga. Nitajikaza." Nami nikaridhika, Mungu wangu! Nilidhani ameungama. Sikumwambia hata anionyeshe kichupa. Nikampa tarehe ya kurudi, wiki ijayo.

Siku ya nne akaja juu ya pikipiki, amempakata Keren. Mtoto anahema kwa nguvu, macho nusu, pumzi inanuka kama urwarwa, ile pombe ya ndizi. Nilijua ni nini: damu imechachuka kwa kukosa insulini. Nikamtundikia dripu, nikaita ambulansi ya kumpeleka hospitali, nikamwambia mama yake, "Lete dawa yake niione."

Akafungua mfuko wa plastiki. Ndani kuna barafu, na katikati ya barafu kichupa kimeganda kabisa, magamba ya mukeke yamekishika.

"Inalala mu friza ya Melkiades, ule mwenye kuuza samaki," akasema. "Ile njo baridi kupita zote Rumonge. Kila siku namuoshea makreti yake ili anipe nafasi. Mbele ya kumuchoma mutoto naiweka mu kwapa mpaka iyeyuke, kisha nairudisha."

Insulini ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha. Wiki tatu na ushee alikuwa akimchoma mwanawe maji matupu, na kuyatolea jasho, kwa ajili ya neno langu. Mimi ndiye niliyemwonya juu ya joto, nikasahau barafu. Na dawa iliyoganda ikiyeyuka huwa na vipande vinavyoelea. Ningekiangalia kichupa siku ile nilipokuwa nabwata, ningeviona.

Nilipanda nao ambulansi. Njia nzima Cibalonza alimsugua Keren miguu akirudia, "Nitajikaza, mwanangu, nitajikaza." Nilishindwa kufungua kinywa, mimi huyu! Kwamba kosa ni langu nilimwambia siku ya tatu, Keren alipofumbua macho na kuomba uji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Wale wamama wa ku benchi, wanajua?"

Alhamisi iliyofuata, akina mama wale waliporudi kliniki, nikasimama mbele ya benchi lile nikawaeleza yote, kosa ni la nani na lilianzaje. Vyungu viwili nilimpelekea nyumbani kwa mikono yangu. Na sasa kila anayechukua insulini namwuliza italala wapi, foleni hata ifike ziwani. Keren amenenepa, amerudi shule, anawasumbua wenzake.

Lakini mama yake, kila anapokuja, hata kabla ya kunisalimia amahoro, anafungua mfuko, anatoa kichupa, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha nikione. Nimemwambia, "Mama Keren, wacha, nakuamini." Ananishukuru, murakoze. Mara ijayo anakiinua tena, macho chini, na mkono hataushusha mpaka niseme nimeona.