Mraba Mtupu wa Kwa Nyange

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko nilichokula jana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, nina kaptula ya kaki niliyopewa kazini na kiburi nilichotoka nacho nyumbani. Nasikia na wewe umepata kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, ukiweka alama penye nyumba na kuandika majina ya mitaa. Hongera. Kazi hiyo niliwahi kuifanya, na niliikosea vibaya, ndiyo maana nataka unisikilize kabla hujafunga kamba za viatu.

Sisi hatukuwa na simu. Tulikuwa na picha za ardhi zilizopigwa kutoka kwenye ndege, penseli na daftari. Picha ile huonyesha paa, lakini haisemi paa ni la nani wala mahali pale panaitwaje. Hayo tuliyafuata kwa miguu. Kiongozi wa kikosi chetu, Mzee Mlekwa, alitufundisha alama za ramani kama tulivyofundishwa alifu na bee chuoni. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni kijito kinachokauka kiangazi. Mraba mweusi ni nyumba yenye watu. Mraba mtupu, usiotiwa wino ndani, ni nyumba iliyohamwa. Na jina la mahali usiliandike mpaka ulisikie kwa wenyeji wawili, kila mmoja kwa wakati wake. "Ramani ukiidanganya," alikuwa akituambia, "itaurudia uongo wako kwa kila atakayeifungua, wala haitachoka."

Basi nikatumwa kwenye kitongoji kimoja kaskazini ya Kiwangwa, upande wa kuteremkia mto Wami. Nilitembea tangu alfajiri. Nilipofika nilikuta nyumba kumi na moja, nyasi uani zimefika magotini, milango imefungwa kwa kamba, hakuna kuku wala mtoto. Mtu niliyemkuta ni mmoja tu, bibi kizee aliyeketi barazani akipepeta kunde. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za wazee wangu mmoja mmoja kabla hajauliza nimefuata nini. Huo ndio ustaarabu wa watu wa kule. Shida yako husubiri salamu ziishe.

Aliitwa Bi Tatu. Akaniambia pale ni Kwa Nyange. Nyange alikuwa bibi wa mama yake, mwanamke aliyefika na jembe na watoto wake, akachimba kisima mpaka akayaona maji. "Ukisema Kwa Nyange," akaniambia, "umeshamtaja aliyetangulia hapa. Mpita njia akilisikia hilo jina anajua kuna wa kumpigia hodi."

Nikamuuliza watu wako wapi.

"Wako bondeni, mjukuu wangu, wanaamia ndege, wanawafukuza wasile mpunga. Mpunga umechanua. Kila mwaka huwa hivyo, wanahamia kwenye madungu, vibanda vya kulindia, huko huko shambani, mpaka wavune. Mimi magoti yamekataa, ndiyo nimebaki. Nenda kawaulize, ukiondoka sasa adhuhuri utafika."

Adhuhuri! Mwanangu, jioni ile rafiki yangu alikuwa anaoa Bagamoyo mjini, na lori la kunirudisha lilikuwa linaondoka Kiwangwa alasiri. Nikipeleka miguu bondeni, harusi imenipita. Nikasimama pale, nikaitazama picha yangu, nikaitazama njia. Kisha nikachora miraba kumi na moja mitupu, pembeni yake nikaandika neno moja: mahame. Hata nyumba ya Bi Tatu niliiacha tupu, nikijiambia bibi mmoja hafanyi kitongoji. Na jina sikuliandika. Kanuni ya mzee ilisema wenyeji wawili, mimi nimempata mmoja. Mvivu hakosi sababu.

Nikamshukuru kwa maji yake, nikaenda zangu.

Kesho yake Mzee Mlekwa aliipitia kazi yangu, kidole kikasimama juu ya ile miraba. Akauliza, "Nyumba hizi zilikuwa na milango?" Nikajibu ndiyo. "Mtu anayehama moja kwa moja hung'oa mlango wake akaenda nao. Mlango haupatikani kirahisi. Aliyeufunga kwa kamba amekwenda kurudi. Uliuliza?"

"Niliuliza, mzee. Hakuna watu."

Nadhani alijua. Lakini alikuwa mtu wa kumwamini mtu mpaka ajifedheheshe mwenyewe, akaufunga ukurasa. Harusi ilifana, pilau nilikula nikashiba. Leo hii hata sura ya bibi harusi siikumbuki.

Ramani ikachapishwa. Miaka ikapita, wakaja watu wa kuchimba visima vya pampu. Waliifuata ramani ile, na penye miraba myeusi wakasimama. Kwa Nyange hawakusimama. Kiangazi kimoja kisima cha kale kikakauka, na watu wakaanza kuhama, nyumba baada ya nyumba, kuyafuata maji ya pampu barabarani. Mimi habari hizo sikuzijua mpaka kazi nyingine iliponipeleka njia ile ile. Safari hii nyumba kumi hazikuwa na milango. Moja ilikuwa nayo.

Bi Tatu alikuwa macho yameingia ukungu, lakini sauti yangu aliijua. "Si wewe uliyekunywa maji yangu?"

Nikasema ni mimi. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepumua.

"Walipopita wale wa kisima, watu wako bondeni," akasema taratibu, "niliwakimbilia na fimbo yangu mpaka njiani. Wakanionyesha karatasi. Wakasema, bibi, karatasi inasema hapa hapana watu. Nikawauliza, basi mimi ni nini? Walikuwa vijana wenye adabu, waliinamisha vichwa tu."

Nililia, mwanangu. Mwanamume mzima, nina mke na mtoto, nililia kwenye baraza ya watu. Nikamwambia karatasi ile niliiandika mimi. Akaniambia, "Nilijua. Hakuja mwingine." Kisha akaniomba jambo moja, jina la Nyange litiwe kwenye ramani, hata kama nyumba zimekwisha.

Nilikwenda ofisini, nikakiri kila kitu. Mzee Mlekwa alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na aliyekaa kwenye kiti chake alinisikiliza kwa upole, akasema tusubiri toleo jipya. Nilisubiri mpaka nikastaafu. Bi Tatu alifariki, wakaja jamaa zake kutoka barabarani wakamzika, wakaondoka na mlango. Ramani ile ukiichukua leo haina kosa hata moja. Pale ni mahame kweli. Nilichoandika kwa uongo kimekuwa kweli, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Naishi Kerege peke yangu sasa, tangu mke wangu aliponitoka. Watoto wangu wako mbali, hupiga simu wakipata nafasi, siwalaumu. Lakini zipo siku tatu nzima zinapita bila mtu kulitaja jina langu, na nakuwa mpweke, sikufichi. Hapo ndipo ninapomwelewa yule bibi aliyekimbilia njiani na fimbo. Hakuwa akikimbilia maji tu.

Basi sikia, mwanangu. Alama unayoiweka kwenye simu yako ni ndogo kuliko punje ya mchele, lakini atakayekuja baada yako hatakuona wewe, ataiona hiyo, na ataiamini. Ukikuta nyumba kimya, piga hodi tatu, kisha zunguka uani, kisha ulizia kwa jirani, hata akiwa mbali na jua likiwa kali. Usiandike hapana mtu kwa sababu wewe una haraka. Jina la mahali waulize wazee kabla ya wenye maduka, na uwaulize lilitoka kwa nani. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku ile ile. Mimi nilikuwa na siku moja tu ya kusema, siku kidole cha mzee kilipokuwa juu ya karatasi, na majuto ni mjukuu, huja mwishoni.

Mwenyezi Mungu akujaalie miguu isiyochoka na ulimi usioogopa kusema nimekosea. Kila utakayemwandika, ajue kwamba umemwona. Na wewe ukifikia umri wangu, usikose mtu wa kukujulia hali. Amina.