Mwaloni wa Filomena

Mtaani kwetu, Filadelfia Kusini, mtu hupimwa kwa usafi wa mbele ya nyumba yake, na hapo Filomena Scarduzio hakuwa na mshindani. Kila Jumamosi alipiga magoti na brashi yake, akasugua ngazi mpaka njia ya waenda kwa miguu. Kilichomkera ni kile kipande cha udongo kwenye shina la mti wake wa mwaloni, kando ya njia hiyo: magugu, vumbi, mavi ya mbwa. Basi shemeji yake Carmine, fundi wa zege, akakiziba mpaka zege likagusa gome. Majirani tulimwonea wivu.

Chini ya mwaloni ule ndipo alipokaa mumewe, Nunzio, mwenye mapafu mabovu. Joto la ndani lilimkaba. Pale kivulini alipumua.

Miaka michache baadaye majani yakaanza kupukutika katikati ya kiangazi. Mkaguzi wa miti wa jiji akaja, akaligonga zege kwa kiatu.

"Mama, maji hayapiti hapa, hewa haipiti. Mizizi inakabwa. Litoeni tuone kilichobaki, la sivyo naukata kabla haujawaangukia."

Carmine akaja juu. "Zege langu liue mti? Huyo mkaguzi ana wazimu!"

"Shemeji, lete nyundo."

"Silivunji!"

"Nani kakwambia uvunje? Nimesema lete."

Akavunja mwenyewe, bibi wa miaka sabini na ushee. Tulisimama milangoni roho mkononi, maana nyundo ikiteleza tu, mzizi umekwenda.

"Polepole, Mena," Nunzio alisema huku akikohoa. "Usiuumize."

Zege lilipoinuka, tukaona mizizi imelala bapa juu kabisa, imejizungusha shinani ikitafuta hewa. Ya upande wa nyumba ilikuwa hai. Ya upande wa barabara ilikuwa nyeusi, ikavunjikia vidoleni mwa mkaguzi.

"Umeshikiliwa upande mmoja tu," alisema. "Upepo ukija kutoka barabarani, unalala kitandani kwenu. Pole, mama."

Nunzio akauliza, "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nililichukia lile zege, nikamchukia Carmine, nikazichukia na brashi zetu zote.

Mti ulipokwisha kukatwa na kisiki kung'olewa, Carmine akaja na toroli la zege bichi kuziba shimo, ati watu wasijikwae. Filomena akavua viatu, akaingia shimoni, akasimama peku kwenye udongo.

"Haya, shemeji, mimina. Anza na miguu yangu."