Aya Niliyomwambia Zuhura Aifute

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka treni kituo cha Selly Oak nikiwa na viatu vipya vinavyobana, nikaingia ofisi ya udahili ya chuo kikuu, nikaoneshwa kiti kibovu na rundo la fomu. Udahili ni kazi ya kuamua nani aingie chuoni na nani abaki nje. Mkuu wa Udahili, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya chini, hakunikaribisha hata chai. Aliniambia, "Bi Rehema, fomu ina alama, na nyuma ya alama kuna mtu. Ukimsahau huyo mtu, kazi hii haikufai." Nilimwona mkali. Siku hizi namwombea dua.

Miaka ya mwanzo nilipanga fomu tu. Kisha nikahamishiwa kitengo cha kuwafikia vijana ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Ofisi yangu ikawa meza ya Jumamosi katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Handsworth. Vijana walikuja na rasimu za maelezo binafsi, yaani ukurasa ambao mwombaji anajieleza mwenyewe. Kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha watoto wetu kujisifu. Mtoto ameshinda tuzo ya hesabu, anaandika kwamba walimu wake walimsaidia, basi. Nilikuwa nikiwatania: "Chuo kinakutaka wewe au mwalimu wako?" Wanacheka, wanaandika upya. Raha ya kazi ile sijaipata kwingine.

Zuhura, binti wa Kizanzibari wa mtaa uleule, alitaka kusomea ufamasia chuoni kwetu. Katika rasimu yake kulikuwa na aya moja kuhusu mama yake. Mama alikuwa mgonjwa wa figo, na mara tatu kwa wiki Zuhura alimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, hivyo akikosa masomo. Nilipoisoma niliona haya, kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kupiga hodi.

"Mwanangu, ya nyumbani huachwa nyumbani," nikamwambia. "Ifute hii."

"But Auntie, mwalimu alisema niiandike."

"Mwalimu hamjui mama yako. Msitiri mama."

Akaifuta. Nami nikajiona nimemfunza adabu!

Jibu lilipokuja, alikuwa amekataliwa. Alama alizotarajiwa kupata zilipungua kidogo chini ya zilizotakiwa, mahudhurio yalikuwa mabovu, na hakuna popote palipoelezwa kwa nini. Tulikuwa na ofa ya kuzingatia hali: mwombaji aliyezuiwa na maisha hulegezewa masharti. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nilijidanganya kwamba mwalimu angelitaja jambo lile kwenye barua yake ya kumpendekeza. Mwalimu naye alidhani Zuhura ameshaliandika. Vyuo vingine vyenye somo lile vilikuwa mbali, na mama asingeweza kubaki peke yake.

"It's fine, Auntie," Zuhura alisema, macho yakiwa sakafuni. Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwa Mkuu wa Udahili nikamweleza.

"Ulijua hali yake?" akauliza.

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemwambia afute."

Akasema, "Naweza kulifungua faili upya, shule ikithibitisha na mama akiridhia. Kwa mama utakwenda wewe mwenyewe."

Nilipanda basi la barabara ya Soho hadi kwao. Bi Mwanaidi, mama yake Zuhura, alinimiminia chai ya iliki, ilhali yeye alikuwa anakunywa kwa kipimo cha daktari. Nilimwambia yote, nikamwomba radhi.

"Bi Rehema," akasema, "mtoto ananiuguza, nawe wamwambia afiche? Kuna aibu gani hapo? Mficha uchi hazai. Lete kalamu."

Akatia saini, akaniongeza chai. Shule ikathibitisha, faili likafunguliwa, Zuhura akapata nafasi yake. Mkuu hakunikumbusha kosa lile hata siku moja mpaka alipoondoka. Namshukuru yeye, na Bi Mwanaidi namshukuru zaidi, kwa kuwa baada ya siku ile niliwasomea watoto mamia ya kurasa na sikumwambia mwingine afute.

Sasa nimestaafu, niko Northfield na miguu inayouma. Zuhura ni mfamasia, na Jumamosi yeye ndiye anayekaa kwenye ile meza. Juzi nilikwenda kumsalimia. Mbele yake alikaa msichana mmoja, kalamu imesimama.

"Nyumbani unamlea nani?" Zuhura akamuuliza.

"That's private. Ni mambo ya nyumbani."

Zuhura aligeuka akanitazama, akasogeza kiti kwa mguu, akatabasamu. "Auntie, karibu. Mwambie."

Nikakaa, nikaanza: "Mwanangu, unamwona huyu dada? Mimi nilimwambia afute."