Barua Aliyoichapa Vumilia

Pale Kalangalala, mjini Geita, Vumilia ana stationery, duka la kuchapa na kutoa nakala, na tabia yake ni kutomnyima mtu. Mwanafunzi akikwama akaomba mfano wa utafiti, anampa kazi ya mtu mwingine iliyobaki kwenye kompyuta. Stationery nyingi zinafanya hivyo. Sisi majirani tuliuita wema, na mimi nilikuwa wa kwanza kumsifu.

Mdogo wake, Pantaleo, ni mwalimu kule Masumbwe. Miaka miwili alizunguka machimboni akiongea Kisukuma na akina mama wanaoosha dhahabu kwa zebaki, mpaka wakamweleza habari za mimba zao zilizoharibika. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya shahada ya uzamili. Aliiandika yote kwa mkono, dada yake akamchapia bure. Zile karatasi za mkono Vumilia akampa muuza karanga afungie, kama anavyofanya na karatasi zote akishamaliza kuchapa.

Kisha akaja Valerian, kijana mpole, akaomba kuona tu namna sura zinavyopangwa. Vumilia akamwekea kazi ya Pantaleo kwenye flashi. Yule mwanahizaya alibadilisha jina, akaiwasilisha chuoni mwezi mmoja kabla ya mwenyewe. Hajui hata neno moja la Kisukuma, na hakuna aliyemuuliza.

Pantaleo alipowasilisha yake, kompyuta ya chuo inayolinganisha kazi za wanafunzi ikasema yeye ndiye mwizi. Vumilia alisafiri mpaka mbele ya kamati ya chuo, akaeleza huku analia. Wakamjibu kwamba ushahidi wa dada hautoshi, alete maandishi ya mkono. Hakuwa nayo hata ukurasa mmoja. Aliponisimulia moyo uliniuma, na unaniuma mpaka leo.

Pantaleo akapewa njia mbili: akiri kwa barua aanze upya, au afukuzwe. Wiki iliyopita alikuja dukani nikiwepo, akamwamkia dada yake shikamoo kama siku zote, akaweka mezani barua hiyo aliyoiandika kwa mkono. Vumilia akaisoma, akasema hawezi.

"Nichapie, dada. Kesho ndiyo mwisho."

Akaanza kuchapa. Alipofika palipoandikwa kwamba Pantaleo hakuwahi kuzungumza na akina mama hao, vidole vikasimama. Akamtazama mdogo wake.

"Endelea tu," Pantaleo akasema.

Akaendelea.