Twiga wa Muasya Anakunywa Maji

Muasya wa Shauri Moyo alikuwa mchonga vinyago, tena mtu mkaidi. Twiga wake anayekunywa maji alijulikana banda zima la wachongaji: miguu minne imenyooka kama nguzo, shingo imeinama mpaka chini. Hivyo ndivyo baba yake, mzee Kiilu, alivyomfundisha kule kwao Wamunyu, naye hakuongeza wala kupunguza. Mkewe, Koki, ndiye aliyewapiga msasa twiga hao wote. Kati yao wawili hakuna aliyewahi kumwona twiga akinywa.

Jirani yao Thuo, aliyeleta machungwa mjini kwa pikapu yake, alikuwa na ugonjwa wa kutoweza kunyamaza. Siku moja aliingia bandani, akamwokota twiga mmoja na kumgeuzageuza mkononi.

"Muasya, huyu anakunywa kama ng'ombe. Twiga anapanua miguu, bwana. Nimeona na macho yangu."

Wachongaji wakaangua kicheko. Hapo ndipo Muasya alipojichimbia shimo. Aliinua tezo lake, kile kishoka cha kuchongea, mbele ya wote.

"Baba yangu si mwongo. Siku twiga atapanua miguu mbele yangu, hili tezo langu naliweka chini, na silishiki tena."

Kicheko kikakatika. Pale bandani kuapia tezo si mchezo, na Muasya hakujua kazi nyingine ya kulisha watoto.

Krismasi ilipokaribia Muasya na Koki walifunga safari ya kwenda kwao Ukambani kama kila mwaka, na mwaka huo Thuo aliwabeba. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Uwanda wa Athi ulikuwa kijani, na kando ya barabara kulitapakaa vitu vyeupe. Koki alidhani kuna lori limemwaga karatasi.

"Ni maua hayo, mama," Thuo akasema, akasimamisha gari ili Koki ayachume.

Walikuwa wameshaona kongoni, punda milia, na mbuni mmoja aliyekimbia kama mtu aliyechelewa kanisani. Koki akiwa bado anachuma, twiga alitokea kwenye migunga, akateremka polepole hadi kwenye bwawa la ng'ombe. Akainamisha shingo, haikufika. Akapanua mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili, akapanua tena, ndipo mdomo ukagusa maji.

Hata Thuo alinyamaza, na hilo si jambo dogo. Koki alibaki na maua yake mkononi akimtazama mumewe. Anasema hajawahi kumhurumia hivyo tangu waoane.

"Baba Nthambi, yale yalikuwa maneno tu," akamwambia.

"Niliapa," Muasya akajibu, akarudi garini.

Walipofika Wamunyu alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, akinoa tezo lake. Hakungoja hata chai.

"Baba, nimemwona twiga akinywa maji. Anapanua miguu."

"Anapanua sana," mzee akakubali.

"Ulijua?"

"Nilipokuwa nikichunga ng'ombe nilimwona kila kiangazi."

"Sasa mbona ukanifundisha vile?"

"Gogo nililokuwa nalo siku ile lilikuwa jembamba," mzee akasema. "Miguu ingepita wapi?"

Muasya akaketi chini kwenye vibanzi. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, kwa miaka yote aliyotetea gogo jembamba akidhani anamtetea baba yake. Walakini alisimulia yote: kicheko cha wenzake, na kiapo neno kwa neno.

Mzee Kiilu alisikiliza huku akijaribu makali kwa kidole gumba.

"Basi weka tezo lako chini," akasema. "Mtu asivunje neno lake."

Kisha akamgeuzia mpini.

"Chukua hili langu."