Alisimama au Aliacha

Juzi, hapa Masasi, binti yangu alikuwa akifanya kazi yake ya Kiingereza mezani, akasoma kwa sauti: "He stopped to greet us. He stopped greeting us." Kisha akaniuliza, "Mama, si ni kitu kimoja hiki?" Nilibaki nimeduwaa mpaka mboga ikaungua jikoni.

Maana sentensi hizo, ndugu yangu, nilizisikia Newala nikiwa kidato cha pili, nikikaa kwa bibi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yalijaa mitumba na sabuni za kila rangi, lakini kiwanda cha korosho kilikuwa kimefungwa, na ule moshi mkali wa maganda uliotuwasha macho asubuhi haukuwepo tena. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa jirani. Mumewe, aliyekuwa fundi kiwandani, alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na habari zake zikakatika. Bibi alizoea kunituma nimpelekee Mwalimu ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayoila kama viazi, nami nilimkuta barazani, uso ameuelekeza njiani.

Darasani alitueleza taratibu. "Kwa Kiswahili, 'kusalimia' ni hiyo hiyo. Wenzetu wanazo mbili. Stopped to greet, mtu alikuwa anakwenda zake, akasimama ili asalimie. Stopped greeting, alikuwa na kawaida ya kusalimia, sasa ameacha." Tulizikariri zote kwa pamoja. Polepole nikatambua kwamba mwanamume wa kwenye mifano yake alikuwa mmoja tu.

Mchana mmoja alikuwa ameandika ubaoni "He stopped", basi, akamwona dirishani mwanamume anashuka kwenye baiskeli. Akatoka mbio, chaki mkononi. Kumbe ni mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale wageni waliozunguka vijijini siku hizo, ameshikwa na kiu. Maji Newala yalikuwa ya taabu, lakini Mwalimu alimchotea kikombe kizima, akasimama akimtazama anavyokunywa. Aliporudi alimalizia sentensi: "to drink".

Mikorosho ilipochanua, akaja mtu aliyekuwa akiishi na mume wa Mwalimu huko Dar. Nilikuwa uani kwa Mwalimu, nimeleta ming'oko. Yule mgeni alimwambia Mwalimu kuwa mumewe aliugua ghafla akafariki, na wenzake wakamzika. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza amepata nauli ya kuleta habari.

"Alikuwa ameshakata tiketi," akasema.

"Ya kuja huku?"

"Ya kuja huku, Mwalimu."

"Kwa hiyo hakuniacha."

"Hakukuacha."

Ndipo Mwalimu akalia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kiliniogopesha kuliko vilio vyote nilivyowahi kusikia misibani. Baada ya matanga alirudi kufundisha, lakini barazani sikumwona tena.

Swali la binti yangu halikuniacha. Wiki iliyofuata nikapanda Newala. Bibi hayupo, Mwalimu hayupo, kiwanda kimebaki kuta na nyasi. Palipokuwa na nyumba ya Mwalimu pamejengwa ghala. Nilimuuliza mlinzi, kijana wa juzi tu, kama amewahi kusikia habari za mwalimu aliyekaa pale.

Akanitazama kwa adabu. "Hapa, mama? Hapa hapajawahi kukaa mtu."