Uyoga wa Makopo Mawili

Nilijua mama anaumwa siku alipokubali bei ya kwanza.

Tulikuwa mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, si mbali na kwake Pasiansi. Muuza sato akataja bei ya kutishia watu, ile ambayo hata mwenyewe haiamini, na mama akasema, "Sawa, funga."

Muuzaji akanitazama kama aliyepewa noti bandia. "Mama yetu leo vipi? Hata kunitukana kidogo?"

Mimi, niliyefundishwa na mama huyu kuhesabu chenji mara mbili, nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho, unatetemeka. Muuzaji akatoa soda yake, tukamnywesha, kisha tukakimbilia zahanati. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

"Mbali na vidonge vya kisukari, unatumia nini kingine?" daktari akauliza.

Mama akatazama dari. "Uyoga kidogo tu."

Kumbe wenzake wawili wa jumuiya ya kanisani wanauza uyoga wa dawa uliosagwa, kila mmoja na kopo lake. Akinunua kwa mmoja, mwingine atanuna hadi Pasaka. Basi asubuhi alikoroga wa huyu kwenye uji, jioni wa yule kwenye chai. Na vidonge vya hospitali juu yake.

"Uyoga wa aina hii unaweza kushusha sukari," daktari akasema, "na vidonge vyako kazi yao ni hiyohiyo. Tena huenda makopo yote mawili yana uyoga uleule, unajizidishia bila kujua. Acha yote."

"Baba, nipunguzie. Nibaki na moja."

"Hapana."

"Nusu kijiko."

"Mama, hapa bei haipungui. Sukari ikishuka umelala, nani atakuamsha?"

Mama anaishi peke yake. Akanitazama, na tulipofika kwake akanisukumia makopo yote mawili mezani.

Jumuiya ilipokuja kusali kwake, aliwatangazia wale wawili kwa pamoja: "Daktari kakataza yote mawili, sijabagua mtu." Walinuna, lakini sawasawa, na kwa mama hiyo ilitosha.

Jumamosi tukarudi mwaloni. Muuzaji akataja bei. Mama akashika kifua.

"Hiyo ni ya sato, au na mtumbwi unanipa?"

Muuzaji akanikonyeza. Jua lilikuwa kali na kapu lilikuwa zito, ila sikuwaharakisha.